Firigisi ya Jumapili

"Nani anauangalia wali?" Mama Mboni aliuliza akiwa uani, anafua.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, simu zikiwa zimeshaota viganjani mwa watu, wali uliungua huko Muheza na moshi ukawapita watu watatu puani. Baba kainamia mpira kwenye simu. Mboni, binti wa chuo, kainamia simu, anabishana na kundi zima la mdahalo. Saumu, wa miaka saba, kainamia bega la dada yake, anachungulia.

Mama akaingia na povu mikononi. "Pua zenu mmemwazima nani? Haya! Jumapili nachinja jogoo. Atakayekaa bila kutazama simu toka adhuhuri mpaka chakula kiive, firigisi yake."

Baba akashtuka. "Mama Mboni, firigisi ni ya baba!"

"Ilikuwa."

Moyo wa Mboni ukaruka. Tangu apate akili ananyonyoa kuku, anapika kuku, na hajui firigisi ina ladha gani! Kwani ulimi wa baba una nini?

Jumapili ikafika, simu zikapangwa kabatini. Timu ya Baba inacheza fainali. Baba hakuigusa simu. Alikaa kibarazani anatoka jasho, kila mpita njia anamdaka: "Ngapi ngapi?" Simu ya Mboni ikalia, ikalia tena, Mboni hakuigusa simu. Akakuna nazi, akaunga kuku, mwishowe uzalendo ukamshinda: "Saumu, mdogo wangu, hebu nisomee kundini wamesemaje." Saumu akaacha kupika matope yake, akanawa, akasoma herufi kwa herufi, akarudi kwenye matope.

Chakula kikaiva. Mama akainua firigisi kwenye upawa.

"Yangu," akasema Baba. "Nimekosa fainali! Nani kaumia kama mimi?"

"Walioumia ni wapita njia, baba! Mimi nimepika huku simu inalia, na sikutazama."

"Umetazama kwa macho ya mwenzio, wakili wa chuo!"

Saumu akanyoosha mkono. "Mimi simu sikuitaka hata kidogo. Nilitumwa. Mkubwa akikutuma, unakataa?"

Mama akamtazama huyu, akamtazama yule. Mboni, bingwa wa midahalo, akafungua mdomo kumjibu mtoto. Mate yakamtangulia, akasogeza sahani yake chini ya upawa.

Upawa ungali juu, firigisi inapoa. Je, nani alistahili? Hebu weka simu yako chini kidogo, utuamulie.