Uso wa Tano

Bwana Mbwarahaji, tajiri wa Pangani, alichongesha piramidi ya mvule iwe pambo la ua wake. Akamwambia Siwatu, fundi wa rangi, "Zipake nyuso zote kabla jua halijazama, la sivyo mbuzi wako ni wangu."

Jioni akaja kuzihesabu. "Pembetatu nne. Na kitako je, fundi? Huo ni uso wa tano."

"Nilianza nacho, bwana."

"Uliinuaje peke yako mzigo wa watu wanane?"

"Kitazame mwenyewe."

Tajiri akaita wapagazi wanane, wakaiinua piramidi upande mmoja. Kitako hakikuwa na hata tone la rangi.

"Muongo wewe. Mlete mbuzi."

"Jua bado lipo," alisema Siwatu, akichovya brashi. "Jamani, msiishushe kwanza."