Dua na Mwiko

Mtu mmoja alikuwa na binti, akampenda, na akataka afaulu. Lishikeni hilo tangu mwanzo, maana kisa hiki si cha baba mbaya.

Mtu huyo aliitwa Mzee Tambwe, fundi cherehani wa mji mdogo wa bara. Binti yake, Mwanahawa, alikuwa amemaliza shule na kukaa nyumbani akisubiri nafasi ya kusomea ukunga. Tangazo la mtihani wa kuingia chuoni lilibandikwa huko mkoani, na habari ilimfikia ikiwa imebaki wiki moja. Mwakani umri wake usingeruhusu tena. Na shule aliyosoma ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa baiolojia, hivyo sura ya mzunguko wa damu, ambayo mkunga hana pa kuikwepea, hakuwahi kufundishwa. Kitabu alikuwa nacho. Alichokosa ni muda wa kukaa nacho.

Mzee Tambwe alifurahi mno. Akasema mwanawe haendi mtihanini hivi hivi. Kijana wa kwenda jandoni anaombewa, sembuse wa kwenda chuoni? Akapanga kisomo, siku ya kuamkia mtihani: ndugu waitwe, majirani waje, mwalimu wa madrasa aongoze, watu wale pilau. Dua ni jambo jema. Hakuna mwenye akili anayegombana na dua.

Lakini kisomo kina wageni, na wageni wanakunywa chai. Ndugu wa vijijini walianza kufika siku tatu kabla, wengine na watoto, wengine na nguo za kufua. Mama wa nyumba ile alikuwa marehemu. Kwa hiyo aliyetandika magodoro ni Mwanahawa, aliyechota maji ni Mwanahawa, aliyechambua mchele ni Mwanahawa. Kila mgeni alimwambia, "Soma sana, mwanangu," na kila aliyemwambia hivyo alikuwa anamkabidhi kikombe chake akioshe. Jirani mmoja mcheshi alimwita daktari. "Daktari wetu," alisema, "chai haina sukari." Watu wakacheka. Daktari akaenda kuleta sukari.

Alijaribu. Alikiegemeza kitabu kwenye kinu akasoma huku akimenya vitunguu, machozi yakimtoka kwa vitunguu na kwa mengine. Alisoma kwamba damu inaingia moyoni upande wa kulia. Kabla hajajua inatokea wapi, akaitwa. Akarudi, akaanza tena mwanzo wa ukurasa. Akaitwa tena. Shangazi yake, Bi Chausiku, alikifunga kile kitabu kwa upole kabisa, akakiweka juu ya kabati. Alimwambia kitabu hakina miguu, kitamngoja. Wali ndio haungoji. Naye hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekuja kumwombea.

Angalieni basi ilivyokuwa. Nyumba nzima ilikusanyika ili binti asome, na kwa sababu ilikusanyika, binti hakusoma.

Siku ya kisomo ikafika. Wanaume waliketi mkekani sebuleni, udi ukafukizwa. Na jueni kwamba wanaume wa mji ule si kwamba hawajui kupika. Kwenye arusi wao ndio wapishi. Hujifunga misuli kiunoni, husimama juu ya masufuria yanayotosha kuoga mtu, na watu huwasifu hadi msimu mwingine. Lakini hiyo ni arusi. Chakula cha nyumbani hawakigusi.

Mwanahawa alikuwa uani. Wali ulikuwa umekaribia kukauka maji. Ulitaka kupunguziwa moto chini na kupaliwa makaa juu. Hapo mwalimu wa madrasa akauliza, mwenye dua yuko wapi? Aitwe, aketi karibu, aombewe akisikia. Wakamwita. Akaja kama alivyokuwa, jasho usoni, mwiko mkononi.

Akautazama mkeka uliojaa watu wenye mikono miwili miwili. Akamtazama baba yake, aliyekwisha kuinua viganja. Akapiga goti kama binti aliyelelewa, akaulaza mwiko mbele ya baba.

"Baba," akasema, "dua naipokea. Mwiko naurudisha."

Akainuka. Akampita shangazi yake, akanyoosha mkono juu ya kabati, akachukua kitabu. Akaingia chumba cha magodoro, akajifungia.

Wageni wakanong'ona, wakasema maneno yale mnayoyajua: ameanza kiburi kabla ya chuo, itakuwaje akirudi? Mwalimu, kwa busara au kwa kukosa la kusema, akaanza kusoma. Wakaitikia amina. Wakamwombea fahamu, wakamwombea utulivu, wakamwombea Mola amwondolee kila kizuizi. Na wote waliosema amina walikuwa wameuzunguka ule mwiko, hakuna anayeutazama.

Wali ukaanza kuungua. Harufu ikaingia taratibu, ikaushinda udi. Kila mtu aliisikia. Wapishi wa arusi waliisikia kuliko wote, wakajua hata ni upande gani wa sufuria. Mmoja akakohoa. Mwingine akaita, "Mwanahawa," kwa sauti ya mtu anayedhani jina hilo ndilo linalozima moto.

Mwanahawa alisikia. Damu ilikuwa imekwisha kutoka moyoni kwenda mapafuni, na sasa, kwa mara ya kwanza wiki ile, alikuwa anaiona inarudi. Akafungua ukurasa uliofuata.

Mtauliza kama alifaulu. Watu wa mkekani huuliza hilo siku zote, maana ni swali lisilomtaka mtu ainuke. Jibu langu ni hili: alikwenda mtihanini akiwa amesoma. Yaliyobaki yalikuwa ya Mungu, na yalikuwa yake tangu mwanzo. Yaliyokuwa yetu ni yale ya uani.

Mwiko ni nini, sitawafafanulia. Mnao majumbani, na mnamjua aliyeushika hivi sasa mkiwa hapa mnanisikiliza. Lakini harufu imekwisha kufika hapa tulipoketi, na viganja vyetu bado viko juu. Nani kati yenu anainuka?