Mnadi wa Msafara wa Hija

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Kufa aliishi mja mmoja mchamungu akiitwa Rabahi bin Sinani. Hakuwa na mali wala elimu kubwa, ila alijaaliwa sauti, na kazi yake ilikuwa kunadi sokoni. Aliponadi safari ya Hija, wauzaji walisahau mizani mikononi. Watu waliona kana kwamba ukungu wa mtoni umefunguka, na nyuma yake pana mchanga mweupe usio na mwisho, na mwisho kabisa imesimama Nyumba Tukufu katika nuru.

Aliyemwajiri alikuwa Hushaimi, mwenye msafara ambaye nauli yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake wote. Maneno aliyompa kunadi yalikuwa machache: “Lipeni mara moja, mfike Makka.” Wala Rabahi hakulipwa fedha kwa kazi hiyo. Aliahidiwa kwamba mwaka ule atachukuliwa yeye na mama yake.

Mama huyo, Bi Umaima, alikuwa amepofuka zamani. Kila asubuhi alikaa kizingitini, na sauti ya mwanawe ilipomfikia kutoka sokoni, alisafiri. Majirani walimwona akiinamisha kichwa kama anayepita chini ya makuti ya mtende, kisha akitabasamu peke yake juani. Walimpita kwa kunyata, wasije wakamrudisha.

Asubuhi moja alikuja sokoni mwanamke aliyevaa nguo za ujane, jina lake Lubaba. Alisimama mbele ya Rabahi mpaka akamaliza kunadi, ndipo akasema, “Sauti ni hii hii.”

“Sauti gani, dada yangu?”

“Iliyotuita mwaka jana, mimi na mume wangu. Tulilipa mara moja kama ulivyosema. Tulipofika kwenye kisima cha katikati ya jangwa, Hushaimi akasimamisha ngamia. Akasema nauli ile ilikuwa ya kufika pale tu. Maji yana bei yake, malisho yana bei yake, walinzi wana bei yao. Mume wangu alitoa alichokuwa nacho kikatosha mtu mmoja, akanipandisha mimi. Yeye alibaki kungoja msafara mwingine. Niliporudi, walinionyesha kaburi lake.”

Rabahi alimwomba radhi, kisha akaenda moja kwa moja hadi zizini kwa Hushaimi, akamuuliza kama habari ile ni kweli.

Hushaimi hakukasirika. Alikuwa akimpapasa ngamia shingoni. “Je, nimepata kumwambia mtu yeyote kwamba maji yamo katika nauli? Hawakuuliza, nami sikuwaambia. Uongo uko wapi hapo?”

“Wanadhani yamo, bwana.”

“Waache wadhani. Wewe na mama yako hamtadaiwa kitu kisimani, nakuapia. Nimeshamtengea ngamia mpole, mwenye kiti cha kivuli. Nadi tu, Rabahi.”

Siku ile hakunadi tena. Alirudi nyumbani mapema, akamkuta mama yake bado kizingitini. Akakaa miguuni pake, akamweleza yote. Bi Umaima alimsikiliza, machozi yakimtiririka.

“Sisi tutafikishwa?” aliuliza.

“Tutafikishwa, mama.”

“Na aliye nyuma yetu?”

Bi Umaima akamshika mkono.

“Mimi sioni, mwanangu, lakini nasikia. Nikipita pale kisimani nikamsikia mja akiomba maji, nami naelekea kumwomba Mola wangu, nitamwomba kwa uso gani?”

Alfajiri iliyofuata Rabahi alisali, akamtegemea Mola wake, akaenda sokoni. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko siku zote, wakasema waliokuwapo. Alinadi: “Enyi watu wa Kufa! Nauli mliyotajiwa inaishia kisimani. Kabla hamjatoa kitu, ulizeni: maji ni juu ya nani? Malisho ni juu ya nani? Atakayeugua njiani atafanywa nini? Mwenye msafara awajibu mbele ya mashahidi. Asiyetaka kujibu, msimpe amana yenu.”

Kisha mfua shaba mmoja, Jundabi, aliyekwisha kulipa yeye na mkewe, akapiga kelele, “Hasidi wewe! Nani alikutuma?” Wengine wakamrushia maganda ya matikiti. Hushaimi alikuja akicheka, akawaambia watu kwamba mambo ya njiani husemwa njiani. Kwa jibu hilo baadhi yao wakashtuka, wakadai warudishiwe chao papo hapo, naye alilazimika kuwarudishia. Wengi zaidi walibaki naye. Rabahi na mama yake wakafutwa safarini.

Waliojitoa walimwendea Thumama, mwenye ngamia aliyesifika kwa ughali. Yeye alisimama mlangoni mwa msikiti akataja kila kitu, hata bei ya kamba, watu wakishuhudia. Kisha akabisha hodi kwa Bi Umaima. “Bibi, nina ngamia mmoja aliyebaki,” alisema. “Ukubali upande wewe, na mwanao atembee, aninadie vituo njiani, iwe ndiyo nauli yenu.” Wakakubali, wakimshukuru Mola.

Walisafiri katika joto lililoifanya ardhi ielee kama maji. Walipofika kisimani waliwakuta watu wameketi kando ya ukuta, midomo imepasuka. Ni wale Hushaimi aliowaacha. Wenzake Rabahi waliteremsha viriba vyao bila kuulizana. Rabahi mwenyewe alimnywesha Jundabi, na mkewe aliyekuwa hoi kwa homa.

Jundabi alipoweza kusema, alimshika mkono. “Nilikuamini siku ile ile,” alisema. “Ila nilikuwa nimeshaiona Makka. Nikakuchukia kwa kuniamsha.”

Bi Umaima aliyasikia hayo akiwa juu ya ngamia. Akaomba ashushwe, na mke wa Jundabi akapandishwa mahali pake, wengine wa kisimani wakifuatana nao kwa miguu. Njia iliyosalia aliitembea akimshika mwanawe bega, miguu ikimvimba, wala hakupata kulalamika. Naye Mola Mtukufu akamfikisha.

Ndugu zangu, njozi ya safari njema ni tamu, na mwenye hila huiuza kwa bei nafuu kwa sababu anajua hatutapenda kuikatiza kwa maswali. Tuulize, hata kama moyo umeshatangulia. Na aliye na ulimi wa kuwaita watu, aogope kuwaita mahali ambapo yeye atapita na wao watabaki. Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kuita na katika kuitika. Amin.