Bibi Kitabu na Swali la Mwezi

Isome hadi mwisho, kisha mtumie yeyote mwenye mtoto shuleni.

Katika shule moja ya sekondari kule milimani alikuwepo kijana aitwaye Ambokile, fundi wa kubandika watu majina. Aliyevaa soksi hadi magotini alimwita "Mzee wa Kanisa". Na Tumpe, binti aliyeshika namba moja tangu kidato cha kwanza, alimwita "Bibi Kitabu". Darasa zima likalidaka.

Siku moja, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, Tumpe alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona siku zote tunauona upande uleule wa mwezi?"

Kabla mwalimu hajafungua mdomo, Ambokile akadakia. "Bibi Kitabu, tuonee huruma! Wali unapoa!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, akakusanya chaki zake na kutoka.

Tumpe akakaa. Tangu hapo, akiulizwa lolote, jibu lake lilikuwa moja: "Sijui." Mara ya kwanza alipolisema, darasa lilimpigia makofi, na Ambokile akamgongea tano. "Sasa umekuwa mtu," akamwambia. Naye Tumpe, maskini, akafurahi. Vitabu akaviweka chini ya kitanda.

Yakaja mashindano ya chemsha bongo. Kila shule ilitoa watu wawili, na washindi wangesomeshwa bure hadi kidato cha sita. Ambokile aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona, maana baba yake alishamwambia wazi kwamba baada ya kidato cha nne ni kurudi nyumbani kufyatua matofali. Akambembeleza Tumpe washiriki pamoja. Alijisemea moyoni kwamba kichwa kile bado kina mambo, yeye atabebwa tu. Tumpe akakubali, na kwa yale aliyoyasoma zamani wakafika fainali.

Siku ya fainali ukumbi ulijaa hadi madirishani. Alama zikalingana na za wapinzani wao. Likabaki swali moja, na jasho lilikuwa likimtiririka Ambokile mgongoni.

Muulizaji akasoma: "Kwa nini, kutoka duniani, tunauona upande mmoja tu wa mwezi?"

Ambokile nusura aruke kwa furaha. Akamgeukia mwenzake.

"Tumpe, si lile swali lako? Sema basi!"

Tumpe akakitazama kipaza sauti.

"Sema, dada yangu, nakuomba! Muda unaisha! Unajua nyumbani kwetu kunanisubiri nini!"

"Niliuliza, Ambokile," Tumpe akasema. "Sikujibiwa. Wali ulikuwa unapoa."

Kisha akasogeza kipaza sauti, akatamka neno alilolizoea.

"Sijui."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Funzo: Mtoto anayeuliza huwaulizia na wenzake wote. Mkimcheka hadi anyamaze, msimlaumu siku mtakapolihitaji jibu.