Ng'ombe Aliyekula Ushahidi

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuoa na miti kusema, bali zamani ya juzi tu, ambayo moshi wake bado unawasha macho, palikuwa na mji uitwao Kisyembe, juu milimani, penye migomba na ukungu. Mji huo ulimcha Mungu sana siku ya Jumapili. Siku nyingine zote ulikula chipsi.

Watu wa Kisyembe walikula wakitembea. Wali waliula katika visahani vya povu jeupe vyenye kifuniko, chipsi walizila katika vifuko vya nailoni, na walipokwisha kula walitupa, kana kwamba nchi ni shimo lisilo na mwenyewe. Mifereji ikaziba. Mto ukavikwa kanzu nyeupe ambayo hakuna malaika aliyeifua. Hata wakuu wa mji wakakutana, wakapiga marufuku: chakula kisifungwe tena katika povu wala nailoni, na atakayekutwa amekifunga humo atanyang'anywa, navyo visahani na vifuko vitateketezwa hadharani. Mzee Elifasi, mzee wa kanisa, akafunga mkutano kwa sala ndefu. Watu wakapiga makofi. Kisha kikaletwa chakula cha mchana, nacho kilikuwa katika visahani vya povu, maana sheria ilikuwa haijaanza kutumika.

Katika mji huo aliishi mjane, Bibi Atuganile, mwanamke wa sala nyingi na maneno machache. Binti yake alifariki akijifungua, akamwachia mjukuu aitwaye Lugano, ambaye hata kutambaa kulikuwa bado kunamshinda. Lugano hakuwa na ziwa la mama. Alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe huyo aliitwa Neema, na kila asubuhi Bibi alipomkamua alinong'ona, "Bwana, umetwaa, lakini angalau hukumtwaa na huyu." Na povu la maziwa lilipopanda kwenye chombo, aliona kwamba amejibiwa.

Sheria ikaanza. Mtendaji wa kata, Bwana Gwakisa, alikuwa kijana mwenye juhudi, na juhudi isiyo na maarifa ni moto usio na jiko. Alifanya msako saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa ndipo wakosaji huonekana. Alipofika kwenye kibanda cha Mama Tusekile, mama lishe aliyewalisha mafundi na walimu wa mji ule, alivikuta visahani vimepangwa vimejaa wali, maharage na mchuzi.

"Chukua vyote," Gwakisa akawaambia mgambo wake.

"Tumwage chakula kwanza, bosi?"

"Umwage? Huo ni ushahidi! Ushahidi haubadilishwi. Utakaa kama ulivyokutwa."

Basi vikachukuliwa pamoja na mchuzi wake, vikarundikwa nyuma ya ofisi ya kata, mahali pasipo ua, vimngoje mgeni rasmi aje awashe moto. Mgeni rasmi akasema atakuja. Kisha akaomba radhi. Kisha akapanga siku nyingine. Kisha akauliza kama kutakuwa na kwaya. Wale wanawali wapumbavu waliomngoja bwana arusi waliishiwa mafuta. Lundo la Bwana Gwakisa halikuishiwa. Mafuta yake yalichuruzika hadi barabarani.

Kiwanja cha Bibi Atuganile kilipakana na ofisi hiyo. Asubuhi moja aliona majani ya karibu yamekwisha, akaongeza kamba ya Neema, akaingia ndani kumwogesha mtoto. Ng'ombe hasomi matangazo. Neema alinusa chumvi, akaifuata harufu. Akala wali, akala na sahani. Akalamba mchuzi, akameza na mfuko. Baada ya hapo akaacha kucheua. Tumbo likavimba likawa ngoma. Akapiga magoti kama anayeomba, na hakuinuka tena.

Mchinjaji alipompasua, alitoa tumboni bonge kubwa kama boga, nailoni na povu vimeshikamana hata kisu kikateleza juu yake. Bibi Atuganile hakulia. Alisimama tu akiwa na Lugano mgongoni, na Lugano akanyoosha mkono kuelekea kiwele, kama alivyozoea.

Tangu siku ile, kila kulipokucha, Mama Tusekile alibisha hodi mlangoni kwa Bibi akiwa na kikombe cha maziwa. Alikuwa na ng'ombe mmoja na watoto wengi, na kikombe hicho alikitoa katika vikombe vyao.

"Ndaga fijo, mama," Bibi alimshukuru.

"Usinishukuru, Bibi. Mpe mtoto anywe, usiniangalie hivyo."

Sasa Kisyembe kilikuwa na desturi yake. Ng'ombe aliyeuawa alilipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe huyo alitoka zizi moja, si mawili wala matatu. Wazee walisema hivi: mkiwaachia wengi walipe, kila mmoja huleta mguu, na miguu minne haijawahi kutoa maziwa. Kwa hiyo baraza likaitishwa chini ya mwenyekiti wake, Bi. Ketura, mama wa miwani mikubwa, na ukumbi ukafurika.

Mama Tusekile akasimamishwa kwanza.

"Visahani vile vilikuwa vya nani?"

"Vyangu, Mwenyekiti. Nitaficha nini? Mchuzi wangu unajulikana. Hata marehemu aliupenda."

Watu wakacheka. Bibi Atuganile hakucheka.

"Ulijua ni marufuku?"

"Nilijua. Na siku ya kwanza nilitii, nikafunga wali kwa jani la mgomba, kama mama yangu alivyofunga. Mwalimu Ambakisye, yule pale anayejificha nyuma ya kofia, akaniuliza, 'Mama, umeniona mbuzi?' Mwingine akasema shati lake litaloa. Mwingine akahamia kwa jirani. Jioni nikarudi nyumbani na sufuria imejaa. Nilikosa, Mwenyekiti, sikatai. Lakini kosa langu lilikuwa mezani, mbele ya watu wenye akili. Si mimi niliyelipeleka mbele ya ng'ombe. Na zizi langu mnalijua. Mkimtoa yule mmoja, mtakuwa mmemnywesha Lugano kwa kuwanyima wangu."

Akasema, akakaa. Watu wakatikisa vichwa wakasema, "Ana haki."

Akasimamishwa Mzee Elifasi, maana mbali na uzee wa kanisa alikuwa na ghala, na visahani vyote vya mji vilitoka humo.

"Mimi niliuza sahani tupu," akasema, "safi, nyeupe kuliko theluji. Nani amepata kuona ng'ombe akifa kwa kula sahani tupu? Aliyeua ni mchuzi! Tena someni sheria: imesema chakula kisifungwe. Haikusema sahani isiuzwe. Nami nikaitii neno kwa neno."

"Mzee," sauti ikatoka nyuma, "na sumu ya panya nayo ukiuza, unamwuzia panya?"

"Kelele huko, mtoto wa Mwakasege! Baba yako alikula kwenye sahani zangu siku ile ya makofi, na wakuu wote wa mji. Wao ndio walionunua kwangu. Nilipofunga kwa sala, mlisema Amina mkiwa na wali mdomoni." Kisha akashusha sauti. "Halafu nisingependa kulitaja hili, lakini mnanilazimisha. Bibi Atuganile, jeneza la binti yako lilitoka kwa nani?"

Bibi akainamisha uso. Ni kweli. Siku ile hakuwa na kitu, na Mzee Elifasi alileta jeneza la mninga, akaondoka kabla hajashukuriwa. Moyo wa Bibi ulilijua jambo ambalo baraza halikulijua: mtu huyo aliposhika mpini wa jeneza alilia machozi ya kweli.

Akasema, akakaa. Watu wakatikisa vichwa wakasema, "Naye ana haki."

Ikawa zamu ya Bwana Gwakisa, akasimama amenyooka, shati limepigwa pasi.

"Katika mji huu wote, ni nani aliyetii sheria? Huyu aliuza, yule alifunga, ninyi mlikula. Mimi nilikusanya. Bila mimi sahani zile zingekuwa mtoni, na leo tungekuwa tunahesabu mizoga."

"Na ua je, mwanangu?" Mama Tusekile akamwuliza. "Kwa nini hukuweka hata miiba?"

"Ua uliombwa. Kamati haijakaa."

"Na kuchoma?"

"Mgeni rasmi hajathibitisha."

"Kwani kiberiti chako nacho kinahitaji mgeni rasmi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Gwakisa akangoja kiishe. Kwa mara ya kwanza umri wake ukaonekana.

"Chekeni. Lakini mkinitoza mimi, kesho atakayethubutu kukamata ni nani? Mtakuwa mmetangaza kwamba katika Kisyembe, anayeokota taka hulipa na anayetupa huenda zake. Zizini kwetu nina ng'ombe mmoja, niliyeachiwa na babu kwa ajili ya mahari. Mchumba wangu anangoja." Akageuka. "Na kwa kuwa tunasema kweli, tuiseme yote. Ni nani aliyeongeza kamba?"

Bibi Atuganile akainuka polepole, akakaza kanga iliyombeba Lugano.

"Niliongeza mimi."

"Kwa nini, Bibi?" akauliza Bi. Ketura.

"Majani ya karibu yalikuwa yamekwisha. Ya mbele kidogo yalikuwa chini ya sahani zenu. Nikamwambia Neema, nenda mbele zaidi, mama, labda utapata. Nilimwambia kwa kinywa changu."

Akasema, akakaa. Watu wakatikisa vichwa, maana sasa walikuwa wamezoea, wakasema, "Naye pia ana haki."

Hivyo ndivyo mji mzima ulivyohesabiwa haki mchana mmoja, jambo ambalo mitume walilihangaikia maisha yao yote. Wakaanza kubishana kama mchuzi ulikuwa wa nyama au wa karanga, kama kamba ilikuwa ya katani au ya nailoni, wakichuja mbu kwa ustadi mkubwa, na ngamia akipita kooni bila kukwama. Neema peke yake ndiye aliyebaki bila wa kumtetea.

Ndipo Bi. Ketura akafungua chupa yake ya maji, akamimina yaliyobaki viganjani, akasugua mikono, akaisukuma chupa tupu chini ya meza kwa ncha ya kiatu.

"Baraza limekwama," akatangaza. "Na desturi inasema, baraza likikwama, mfiwa hutaja zizi kwa kinywa chake mwenyewe. Akilitaja, hakuna rufaa. Jua likizama hajalitaja, dai limekufa. Simama, Bibi. Tunakusikiliza."

Bibi Atuganile akasimama. Nje ya dirisha jua lilikuwa limeshagusa kilima.

Aliwatazama mmoja mmoja. Akimtaja Mama Tusekile, atakuwa amemhukumu mwenye kosa aliyekiri, na mkono pekee uliomletea maziwa. Akimtaja Mzee Elifasi, atakuwa amemhukumu aliyevuna kutoka kila sahani, na aliyemsitiri mwanawe kaburini, wakati sheria haikumkataza kuuza. Akimtaja Gwakisa, atakuwa amemhukumu aliyekiweka kifo mlangoni pake bila ua, naye ndiye mtu pekee aliyejaribu kukiondoa mtoni. Akinyamaza, atakuwa amejihukumu mwenyewe. Lakini yeye hanywi maziwa. Anayeyanywa ni Lugano.

"Bibi," Mama Tusekile akasema kwa sauti ya chini, "nitaje mimi, yaishe. Nitaomba Mungu."

"Nyamaza, mama," Bibi akamjibu. "Usiniongezee."

Mzee Elifasi alikuwa akiitazama dari. Gwakisa alikuwa akivitazama viatu vyake. Mwalimu Ambakisye alikuwa keshaondoka, maana ilikuwa saa yake ya chipsi.

Lugano akaamka mgongoni. Njaa ikamuuma, akalia kile kilio ambacho hakingoji kamati wala rufaa. Nusu ya jua ilikuwa imeshazama. Bibi Atuganile akafumba macho, akafungua kinywa.

Enyi mliosikiliza hadi hapa, jua ni lile lile, na mtoto bado analia. Semeni upesi: Bibi ataje jina gani? Je, ng'ombe wa Lugano atoke zizi la nani?