Ukoko wa Hodhi la Sultani

Palikuwa na sultani aitwaye Mwinyi Fumbwe, mnene hata milango ya kwake ilipanuliwa mara mbili. Mimi simsemi, wali wake, tumbo lake. Alikuwa na hodhi la kuogea lenye vigae vya buluu. Alioga mara tatu kwa siku, macho kafumba, akiimba vibaya.

Siku moja akatoka majini, akaona kwenye vigae, juu kidogo ya maji, mkanda mweupe, mgumu kama ukoko wa sufuria. Maji ya kisima kile yana chokaa, yakikauka huacha alama. Akaitwa Shekue, msafisha hodhi.

"Huu hutoka kwa ndimu na jiwe la kusugulia nyayo," akasema Shekue. "Nipe siku mbili."

"Siku mbili nisioge? Na ndimu ya nini, hodhi langu samaki?"

Shekue akatiwa gerezani. Sultani akatoka barazani, mji mzima unasikia, akamwandikisha kadhi amri: kesho adhuhuri akioga asiuone ukoko. Akiuona, Shekue anapelekwa kisiwa cha mbali, harudi tena. Na ukishaondoka, atakayeurudisha anafungwa mwaka mzima.

"Awe nani awe nani," akaongeza, akijipiga kifua. "Hata niwe mimi. Naapa kwa kiti changu."

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake, lakini tusiende mbio.

Kesho yake adhuhuri akaja Mize, mke wa Shekue, muuza maandazi, akisema atauondoa ukoko badala ya mumewe. Mdomo wake hata kuku wake waliuogopa. Usingizi hakuupata kwa kumwaza mumewe, lakini alikuja mikono mitupu.

"Kifaa chako kiko wapi?" akauliza kadhi.

"Hicho hapo, kimevaa kilemba. Maulana, ingia uoge. Leo usifumbe macho."

Sultani akashuka. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika ukingoni. Kadhi akalowa viatu.

"Wauona ukoko, Maulana?" akauliza Mize.

Sultani akageuka huku na huku. "Siuoni."

"Nawe kadhi?"

"Naona maji tu."

"Basi andika: umeondoka."

Kadhi akaandika, akagonga mhuri. Sultani akacheka, akashika ngazi ili atoke. Alipopanda kidato cha kwanza, maji yakashuka, na weupe ukachungulia.

"Taratibu, Maulana," akasema Mize. "Unaurudisha."

Sultani akaganda, mguu mmoja juu. Akamtazama kadhi. Kadhi akakohoa.

"Imeandikwa 'hata niwe mimi', Maulana. Na kiti ulikiapia."

Sultani akarudi majini polepole. Akakaa. Alasiri ikafika, vidole vimemkunjamana, na harufu ya pilau inatoka jikoni kwake mwenyewe.

"We mwanamke, nitatokaje humu?"

"Mpaka ukoko usuguliwe, Maulana."

"Si usugue!"

"Mimi najua maandazi. Anayejua vigae umemfunga."

Sultani akapiga maji kwa ngumi. "Mfungueni Shekue! Mpeni ndimu, mpeni jiwe, mpeni na kapu zima la ndimu!"

Shekue akaletwa, nywele zimejaa vumbi la gereza. Mize akampangusa kwa kanga, mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Shekue akapiga magoti ukingoni, akakata ndimu ya kwanza bila haraka.

"Sasa mimi nikae humu mpaka lini?" akauliza sultani.

"Alikwambia siku mbili, Maulana," akasema Mize. "Ni wewe uliyeziona nyingi."