Mgeni wa Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za kuomba chumvi kwa jirani? Paukwa tena!

Pakawaaa!

Haya, sasa waliolala wameamka, na walioamka wamejuta. Wewe mwenye kanga ya njano, msogezee mwenzako kidogo. Usimwache peke yake pembeni. Hadithi yenyewe inahusu hayo hayo.

Hapo zamani za kale, kale ile Fisi alipokuwa bado anajua kinachomchekesha, palikuwa na Nungunungu. Aliishi mwisho wa mbuga, ndani ya shimo chini ya kichuguu. Shimo safi, limefagiwa. Ndani mna vigoda viwili. Kimoja chake. Cha pili? Subirini.

Nchi ile ilikuwa na desturi moja. Moja tu, lakini nzito. Ukifika kwa mtu unasimama nje, unapiga hodi. Mwenyeji akisema karibu, umekwisha kuwa mgeni wake, na mgeni wa mtu haguswi. Hata Simba, na meno yale yote, akimkuta sungura kwenye shimo alimokaribishwa, anameza mate na kuuliza habari za mvua.

Nungunungu alikuwa na karibu nzuri kuliko wote. Aliifanyia mazoezi. Karibu nyembamba. Karibu nene. Karibu ya kuvuta, "Karibuuu!" Lakini hodi haikuja. Nani aje? Ukimkumbatia Nungunungu unatoka umekuwa chujio. Wanyama walimpungia mkono kwa mbali, wakapita. Kigoda cha pili kikafutwa vumbi kila asubuhi, kikakaliwa na vumbi kila jioni.

Siku nyingine alitoka nje mwenyewe. "Hodi!" Akaingia mbio, shwaa! "Karibu!" Akatoka kupokea. Hakuna mtu. Akarudi ndani, akajiuliza habari za huko atokako. Akajijibu, njema.

Mnacheka? Chekeni. Naye alicheka, mara ya kwanza.

Basi siku moja, jua la utosi, likatokea dude angani. Jeupe. La mviringo. Kubwa kama kiboko aliyevimbiwa. Halina bawa, halina mkia, lina kamba tu inaning'inia, na kwenye ncha ya kamba kibao. Linaelea pole pole, pole pole, kama lina siku nzima.

Nchi ikapasuka!

Nyumbu wote wakatimka kwenda mashariki, gidi gidi gidi! Walipofika, mmoja akauliza, "Jamani, tunakimbia nini?"

"Mimi nimekufuata wewe."

"Na mimi nimekufuata wewe!"

Wakageuka, gidi gidi gidi, magharibi.

Nyani akakaa chini, akakataa kuinuka siku tatu. "Siri za nchi zisionekane!" akasema, na kweli, kwa Nyani siri hiyo ni nyekundu, huonekana mbali. Fisi akaanza kuoga. Chui akafunika madoa yake kwa majani, yasije yakahesabiwa.

Simba akaita kikao. "Hili limetumwa na wa ng'ambo ya milima! Linatuchunguza! Wanataka kujua tunalala saa ngapi!"

"Kwani tunalala saa ngapi?" Nyani akauliza, amekaa.

"Wewe, Mfalme, mchana kutwa," akasema Fisi.

"Kimya! Hiyo ndiyo siri yenyewe!" Simba akatikisa manyoya. "Na mbaya kuliko yote, limeingia bila hodi!"

"Bila hodi!" wakaitikia wote. "Bila hodi! Bila hodi!"

Tai akatumwa alirarue. Akapaa, akashusha makucha, teleee! Yakateleza. Akashusha tena, teleee! Akarudi chini akitweta. "Ngozi yake utelezi mtupu. Nami nina mayai nyumbani, jamani."

Nungunungu hakuwepo kikaoni. Nani angemwita? Alikuwa ndani, anafagia palipofagiwa. Upepo ukalisukuma lile dude hadi mwisho wa mbuga. Kamba ikashuka. Kibao kikagonga jiwe la mlangoni.

Ko. Ko. Ko.

Ufagio ukaanguka.

Ko. Ko. Ko.

Karibu zake zote zikamkimbia, nyembamba na nene. Ikatoka moja ndogo, imekwaruzika. "Karibu."

Akatoka. Kamba imenasa kwenye mgunga. Juu yake mgeni, mweupe, ameinama kidogo. Kivuli chake kimejaa kizingitini.

Nungunungu akatoa vigoda vyote viwili. Akakaa kimoja. Kivuli kikakaa kingine.

"Za huko utokako?"

Mgeni akayumba, yuu, yuu.

"Za hapa njema. Mizizi utakula? Huli? Basi pumzika." Akainua macho. Kisha akasema, "Unaona sana kutoka huko juu, eti? Basi utakuwa umeniona. Mimi ndiye yule anayekaa peke yake."

Siku sita wakakaa hivyo. Mgeni hakusema neno. Lakini hakuondoka.

Siku ya saba akaja Ngiri, mjumbe wa Mfalme, mkia juu kama mlingoti. Akasimama hatua kumi mbali. "Hodi!"

Hodi nyingine! Nungunungu akatetemeka hadi miiba ikalia, cha cha cha. "Karibu! Karibu kigodani!"

"Hapa hapa panatosha. Ndugu yangu Nungunungu..."

"Nimekuwa ndugu yako lini?"

"Leo asubuhi. Kikao kimepitisha. Sikiliza. Makucha yanateleza, meno hayafiki. Miiba yako peke yake ndiyo dawa. Mtoboe huyo jasusi, nasi tutakupa nafasi kikaoni. Katikati kabisa! Na tutakuja hapa kwako kila siku, hodi hadi uchoke."

"Lakini nimeshamkaribisha."

"Umekaribisha dude!"

"Alibisha hodi."

"Ni upepo ule, bwana!"

"Huo upepo," akasema Nungunungu taratibu, "miaka yote hii haujawahi kuwaleta nyinyi."

Ngiri akakwangua ardhi kwa kwato. "Basi chagua. Huyo asiyekujua hata jina, au sisi sote."

Sisi sote. Loo! Maneno mawili hayo yalimwingia Nungunungu kama maji kwenye ardhi kavu. Akatazama kigoda. Akamtazama Ngiri. "Kila siku?"

"Kila siku."

Akaishika kamba. Akavuta. Mgeni akashuka bila ubishi, pole pole, kama aliyeitwa aje kunong'onezwa. Sasa Nungunungu, mnavyojua, hachomi kwa mbele. Huchoma kwa mgongo. Akageuka. Akasimamisha miiba. Akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili, hajamtazama mgeni wake usoni.

Paa!

Fyuuuuuuu...

Pumzi yote ya mgeni ikampita mgongoni, ya uvuguvugu. Kisha kimya.

Wanyama wakatoka vichakani mbio. Fisi akanusa ngozi. Akanusa ndani. "Hamna kitu. Hewa tupu."

"Hewa ya kigeni!" Simba akanguruma. "Msivute!"

Nchi nzima ikabana pumzi, mashavu yamevimba, mpaka Nyani akaanguka chali, na siri ya nchi ikaonekana na kila mtu.

Jioni ile Nungunungu akaketi katikati ya kikao, kama alivyoahidiwa. Walimpa nafasi. Tena nafasi kubwa! Hatua kumi mbele, hatua kumi nyuma, hatua kumi kila upande. Wakaimba jina lake. Simba akamwita Mlinzi wa Anga. Wenzake wameegemeana mabega, wanayumba kwa wimbo. Yeye akayumba peke yake.

Asubuhi akafagia. Akafuta kigoda. Akangoja hodi. Kesho yake akangoja. Siku ya tatu akaenda mwenyewe kikaoni, akakuta kwenye nafasi yake amelala nyumbu.

"Aa, Mlinzi wa Anga!" Ngiri akampungia kwa mbali. "Anga ni salama sasa. Nenda kapumzike, ndugu yangu."

Akarudi. Jua la utosi. Kizingitini jua tupu, hakuna kivuli. Kwenye mgunga kipande cha ngozi nyeupe kinapeperuka, pe, pe.

Akasimama nje ya shimo lake kama zamani. "Hodi!" akaita. Akaingia mbio, shwaa! Akafungua kinywa aseme karibu.

Haikutoka. Ile nyembamba haikutoka, wala ile nene. Aliijua sasa karibu yake ilivyo. Hata yeye mwenyewe asingethubutu kuingia.

Basi wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Usimuuze aliyekujia bila haja ili uwapate wanaokujia kwa haja, maana haja ikiisha nao wameisha. Na nyinyi mnaokodolea macho angani kumtafuta mgeni mbaya, shusheni macho. Mwisho wa mbuga yupo jirani. Mpigieni hodi kabla hamjamhitaji.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Nungunungu. Mimi naenda zangu. Atakayepita njia ile, amsalimie.